Kabla upunguze bei ya fundi wa stima, soma hii historia

Kama kwenu mnaoga na slipa ndio shawa isiwashike, hii stori ni yenu.

Kwetu tulifanya hivyo miaka mingi. Slipa za bluu zilikaa mlangoni mwa bafu, na hakuna mtu aliruhusiwa kuzitoa hapo. Mgeni akija kulala, mathe alikuwa anamwonyesha taulo, anamwonyesha sabuni, halafu anamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa: "Usisahau slipa, hiyo maji hushika kidogo."

Hushika kidogo. Stima ya volti 240 iko ndani ya maji unayojimwagia kichwani, na sisi tumeizoea kama jirani mwenye kelele.

Mwaka jana hiyo shawa ikaanza kushika hata mtu akiwa na slipa. Mathe akanipa kazi ya kutafuta fundi. Jirani akanitumia namba ya mzee mmoja. Akaja, akazima stima, akakagua karibu nusu saa bila kufunga wala kufungua chochote cha maana, akaandika kwa karatasi: ufundi thao nne na soo tano, vifaa mnunue wenyewe na risiti mbaki nayo.

Mimi nilicheka, aki. Nikamwambia, "Mzee, si ushike soo sita? Ni kawaya tu."

Hakukasirika. Alimaliza chai yake, akasema, "Kijana, soo sita naweza kufanya. Lakini nikifanya kwa hiyo pesa, jua kuna kitu nimekuachia bila kufanya." Akaenda.

Kesho yake nikapata msee wa soo sita. Dakika ishirini, tepu nyeusi, "iko sawa, bro." Na kweli ikawa sawa. Siku tisa. Siku ya kumi asubuhi maji yalitoka baridi. Mathe akanyoosha mkono kushika bomba ajaribu kurekebisha, na stima ikamrusha hadi mlangoni. Aligonga kiwiko vibaya, mkono ukakaa kwa kitambaa wiki mbili. Daktari alisema ana bahati. Mimi nilikuwa nimekaa pale kwa benchi nikipiga hesabu: nilikuwa nimeokoa shilingi 3,900.

Nilimrudia yule mzee nikiwa mpole sana. Na alichonionyesha juu ya dari yetu ndicho kilinifanya nianze kusoma historia ya stima hii nchi yetu. Kwa sababu tatizo la shawa yetu halikuanza na msee wa soo sita. Lilianza zamani, kabla hata babu yangu hajazaliwa.

STIMA ILIANZA NA SULTANI, IKAISHIA KWA MITA

Ukisoma historia ambayo Kenya Power yenyewe husimulia, stori inaanzia Zanzibar mwaka 1875. Sultani Barghash alinunua mtambo wa kuzalisha umeme ili kuangaza jumba lake na barabara za karibu. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, akauchukua ule mtambo, ukahamia kwa kampuni iliyoanzishwa mwaka huohuo, Mombasa Electric Power and Lighting Company. Mwaka huohuo tena, kule Nairobi, mji uliokuwa na miaka tisa tu tangu reli ifike, injinia kwa jina Clement Hertzel akapewa haki ya kuuza stima peke yake. Kampuni ya Mombasa na ya Nairobi zikaungana mwaka 1922, zikaitwa East African Power and Lighting. Hiyo ndiyo iliitwa Kenya Power and Lighting kuanzia 1983, na tangu 2011 tunaijua kama Kenya Power. Yaani ile kampuni unaitukana stima ikipotea katikati ya mechi ina mizizi ya zaidi ya miaka mia moja.

Hata jina lenyewe ni historia. Wenzetu Tanzania wanasema umeme, neno la radi. Sisi tunasema stima, neno lililotokana na mvuke na meli za mvuke. Wazee wetu waliona mashine kabla ya kuona balbu, wakapatia stima jina la mashine.

Sasa angalia wateja wa kwanza walikuwa nani. Jumba la sultani. Maduka ya mjini, ofisi, nyumba za wakubwa. Stima haikuja kama maji ya mto, ya kila mtu. Ilikuja kama bidhaa, na bidhaa ina mpaka. Mpaka wenyewe ni mita. Kampuni inaleta stima hadi kwa mita, inahesabu, inakudai. Kila kitu baada ya mita, yaani waya ndani ya ukuta, soketi, swichi, shawa, ni juu ya mwenye nyumba. Hiyo sheria ya maisha haijabadilika hadi leo.

Kwa hivyo Kenya ina historia mbili za stima. Ya kwanza ni ile ya vitabu: mabwawa, milingoti, laini kubwa, Owen Falls kule Jinja mwaka 1954, Kindaruma mwaka 1968, mvuke wa Olkaria kuanzia 1981. Hiyo iko na picha za marais wakikata utepe. Historia ya pili inaanzia pale mita inapoishia. Hiyo haina picha. Hiyo ni ya fundi.

FUNDI ALIJIFUNZIA WAPI?

Neno fundi linakaa nyumba moja na fundisha, mafunzo na mwanafunzi. Kwa lugha yetu, fundi ni mtu aliyefundishwa. Swali ni nani alimfundisha, na alimfundisha nini.

Reli ilijengwa kati ya 1896 na 1901, na wafanyakazi karibu 32,000 waliletwa kutoka India. Wengi walirudi kwao. Waliobaki, pamoja na Wahindi wengine waliokuja baadaye kwa hiari yao, walifungua maduka na karakana mjini. Kwa miongo mingi ya ukoloni, kazi za mjini zilipangwa kwa rangi: Mzungu ni msimamizi, Mhindi ni fundi, Mwafrika ni msaidizi. Serikali ya kikoloni ilifungua chuo cha ufundi cha Waafrika pale Kabete mwaka 1924. Leo ni Kabete National Polytechnic, na pengine una rafiki anasoma huko. Lakini nafasi zilikuwa chache, na Waafrika wengi waliojua kazi waliijulia kazini.

Msomi Kenneth King aliandika kitabu mwaka 1977, The African Artisan, akifuatilia jinsi ujuzi ulivyohama kutoka karakana za Wahindi hadi kwa mafundi Waafrika. Kwa ufupi: ulihama kwa macho. Kijana aliajiriwa kubeba, kushika, kufagia, na katikati ya kufagia akawa anaona. Baada ya miaka anaondoka anaanza kazi yake chini ya mti. Mwaka 1972 shirika la kazi duniani, ILO, lilitoa ripoti kuhusu Kenya iliyofanya ulimwengu mzima uanze kuongea kuhusu sekta hii isiyo rasmi. Sisi tuliipa jina letu: jua kali.

Mimi naheshimu hiyo njia. Ndiyo imejenga hii Nairobi. Lakini stima ina ujanja mmoja ambao mbao haina. Kiti kikitengenezwa vibaya, kinayumba, unakiona. Waya ukifungwa vibaya, balbu inawaka tu. Shawa inatoa maji moto tu. Makosa yanakaa kimya siku tisa, au miaka tisa. Mtu aliyejifunza kwa macho peke yake anaweza kujua jinsi ya kufunga bila kujua kwa nini inafungwa hivyo. Na kwa stima, hiyo "kwa nini" ndiyo inaokoa mathe yako.

DARI YETU NI MAKTABA

Turudi kwa mzee. Siku aliporudi alizima swichi kubwa, akapima kwa testa, akapima tena, ndio akapanda juu. Halafu akaniita. "Njoo uone nyumba yenu."

Babu alinunua hii nyumba yetu ya Umoja miaka ya themanini. Baadaye akaongeza vyumba viwili nyuma. Baadaye tena mjomba akaongeza bafu la ndani na shawa. Juu ya dari unaziona hizo enzi zote, kwa rangi.

Waya za kwanza, za nyumba ya babu, zilikuwa nyekundu na nyeusi. Nyekundu ni ya moto, nyeusi ni nyutro, ya kurudisha. Hiyo ilikuwa desturi ya Uingereza, na sisi tulirithi desturi zao za waya vile tulirithi kuendesha gari upande wa kushoto. Lakini kuanzia 2004 Waingereza waliruhusu rangi za Ulaya kwa waya za nyumba, na kufikia 2006 zikawa lazima: kahawia ni ya moto, bluu ni nyutro, na ya ardhi ni kijani yenye mstari wa njano. Rangi mpya zikafika maduka yetu pia. Kwa hivyo vyumba vya nyuma vilikuwa na kahawia na bluu.

Unaona shida inakuja? Kwa zile nyaya za fezi tatu, bluu ya zamani ilikuwa ya moto. Leo bluu ni nyutro. Nyeusi ya zamani ilikuwa nyutro. Leo, kwa fezi tatu, nyeusi ni ya moto. Rangi ni ileile, maana imegeuka. Fundi asiyejua kwamba kuna mwaka rangi zilibadilika anaweza kushika nyeusi akidhani ni rafiki. Ndio maana mzee alipima kila waya kwa testa kabla ya kuigusa. "Mimi siamini rangi," aliniambia. "Rangi ni maneno ya mtu aliyekuja kabla yangu, na simjui."

Halafu akanionyesha kazi ya msee wangu wa soo sita. Shawa yetu ilikuwa imetolewa stima kutoka kwa waya za taa. Hiyo ilifanywa zamani, si yeye. Waya wa taa ni mwembamba, kwa kawaida milimita mraba 1.5. Shawa ya wati 5,500 kwa volti 240 inavuta karibu ampea 23. Ni kama kupitisha matatu kwa njia ya bodaboda.

Yeye alichofanya ni hiki. Aliona waya wa kijani wa shawa haujafungwa popote, kwa sababu nyumba yetu haikuwa na waya wa ardhi inayofanya kazi. Badala ya kutuambia, akaufunga na nyutro na kuzungushia tepu. Kwa siku tisa ikafanya kazi. Lakini pale kwa tepu palikuwa panachemka kila tukioga, hadi ule waya wa kurudisha ukaachia. Stima ikafika kwa shawa, ikapita ndani, ikakosa njia ya kurudi. Ndio maana maji yalikuwa baridi. Na kwa sababu nyutro na ya kijani zilikuwa zimefungwa pamoja, ile stima iliyokosa njia ikatokea kwa maji na kwa bomba. Njia ya kurudi ikawa mathe.

Alinieleza hivi polepole, bila kumtukana yule mwenzake. Ni mimi nilikuwa najitukana ndani.

MAMA ALIYEFIKIRIA WATOTO WETU

Kuna kitu kingine aliniuliza. "Hapa kwenu, chaja ya simu ya pini mbili mnaiingizaje kwa soketi?"

Wewe unajua tunaiingizaje. Kalamu. Au mpini wa kijiko cha plastiki. Unasukuma lile shimo la juu, vile vishimo viwili vya chini vinafunguka, unaingiza chaja. Kila nyumba Kenya inajua hii mbinu. Mimi niliijua nikiwa darasa la tatu.

Sasa sikia ni kwa nini lile shimo lipo. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Uingereza iliunda kamati kupanga stima itakavyowekwa kwa nyumba mpya baada ya vita. Ripoti ilitoka mwaka 1944. Ndani ya kamati kulikuwa na mwanamke mmoja tu, Caroline Haslett, aliyekuwa ametumia maisha yake kupigania stima iwasaidie wanawake nyumbani bila kuwaua. Moja ya mambo yaliyosisitizwa ni usalama wa watoto: soketi iwe na vifuniko ndani, mtoto akiingiza msumari asifikie moto. Vifuniko vifunguliwe na pini ya juu tu, ile ndefu ya waya wa ardhi, ili ardhi iunganishwe kwanza kabla ya moto. Mwaka 1947 ndio kiwango cha plagi yenye pini tatu za mraba kilitolewa, na ndani yake kuna fyuzi ya kulinda waya wa kifaa chako. Hiyo ndiyo plagi iko kwa ukuta wako saa hii.

Mwanamke peke yake kwa meza ya wanaume alisaidia kuweka mlango ili mtoto wa mtu asife. Sisi tukautafutia kalamu.

Sisemi hivi kukufanya uhisi vibaya. Adapta ni bei ya soda mbili, nunua. Nachotaka uone ni kwamba usalama wetu umefikiriwa na watu tangu zamani, umewekwa kwa plastiki na shaba, halafu kila kizazi kinautoa kidogo kidogo kwa sababu kiko haraka au hakina pesa. Babu alitoa kidogo. Mjomba akatoa kidogo. Mimi nikamalizia na soo sita.

STIMA ILIPOKUJA KWA WENGI

Kuna sababu nyingine ya kujali haya sasa hivi. Kwa sehemu kubwa ya historia yetu, fundi mbaya hakuweza kuumiza watu wengi, kwa sababu watu wengi hawakuwa na stima. Mpango wa kupeleka stima vijijini ulianza mwaka 1973 na ukaenda polepole. Kwa sensa ya 2009, chini ya robo ya nyumba za Kenya zilitumia stima ya kampuni kwa taa. Mwaka 2015 ukaja mradi wa Last Mile, na ada ya kuunganishwa ikashuka kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Sensa ya 2019 ikapata nusu ya nyumba zikitumia stima.

Fikiria hiyo hesabu. Ndani ya miaka kumi, mamilioni ya vyumba vimewekwa waya. Ploti za ghorofa sita zimeota kila mahali. Hizo waya zote kuna mtu alizifunga, na kuna mwenye ploti alimwambia amalize haraka. Na hapo sijaongelea sambaza, ile ya mitaa ambapo mtu anavuta waya kutoka kwa mlingoti anakuuzia kwa mwezi. Huko hakuna mita, hakuna fyuzi, na nyumba ni za mabati. Moto ukianza, haubagui nani alilipa na nani hakulipa.

Sheria nayo imejaribu kukimbia na hii mbio. Mwaka 1997 kulitungwa sheria iliyounda bodi ya kusimamia stima. Mwaka 2006 ikaja ERC. Mwaka 2019 ikawa EPRA. Leo, kwa sheria, fundi wa stima anatakiwa kuwa na leseni ya EPRA, na leseni zina madaraja: C2 ni ya kazi za fezi moja kama nyumba nyingi zetu, halafu C1, B, hadi A1 kwa kazi kubwa. Nyumba mpya inatakiwa kupimwa na kupewa cheti kabla ya kuunganishwa. Nilipomuuliza mzee kama ana leseni, alitoa kadi kwa mfuko wa shati kabla nimalize swali. Halafu akaniambia kitu kilinichoma: "Miaka yote nimebeba hii, wewe ni wa tatu kuniuliza."

Wa tatu. Na mimi nilimuuliza baada ya mathe kuumia.

TATIZO SI FUNDI, NI SISI SOKONI

Hapa ndipo nitakosana na baadhi yenu. Kila mtu anapenda kusema mafundi wa Kenya ni wakora. Kuna wakora, ndio. Lakini nani alitengeneza soko la soo sita? Yule msee alinipa kile nilinunua. Nilimtaka afanye kazi ya siku moja kwa dakika ishirini, na akafanya ya dakika ishirini.

Tunalipa elfu tatu kusuka nywele na hatusemi "ni kamba tu." Tunanunua simu ya elfu thelathini halafu tunaichaji kwa soketi inayotoa cheche. Kazi ikiwa ndani ya ukuta, haionekani kwa picha, tunaona hasara kuilipia.

Na sisemi kila asiye na leseni hajui kazi. Wengi wamejua kwa miaka wakiwa juu ya ngazi, na hawana karatasi kwa sababu karatasi inataka ada, mtihani na muda wa kuacha kazi. NITA ina mitihani ya ufundi, kuanzia Grade III kupanda hadi Grade I, hata kwa mtu aliyejifunzia kazini. Kama una broo au rafiki mwenye mkono mzuri wa stima, msukume afanye huo mtihani, halafu afuatilie leseni. Hiyo ndiyo njia ya kumtoa kwa kundi la kubeba ngazi. Na sisi wateja tukianza kuuliza leseni, ndio itakuwa na maana kuwa nayo.

Sasa, ukiita fundi wa stima, fanya hivi:

Muulize leseni, andika namba, iangalie kwa tovuti ya EPRA. Fundi wa kweli hakasiriki. Atafurahi.

Mwangalie kabla aguse kitu. Je, amezima swichi kubwa? Je, amepima? Anayeanza kwa kukata ndiye wa kuogopa.

Muulize, "Hii nyumba iko na waya wa ardhi inayofanya kazi?" Asikujibu kwa mdomo, apime mbele yako.

Shawa iwe na waya wake mnene na swichi yake, isikope kwa taa. Na omba kuwekewa kile kifaa kinachokata stima ikianza kuvuja. Cha nyumbani hukata kwa miliampea 30, kwa sekunde ndogo sana, kabla moyo wako haujachanganyikiwa. Fyuzi ya kawaida inalinda waya. Hiki kinalinda mtu.

Nunua vifaa mwenyewe au nenda naye, angalia alama ya KEBS, weka risiti. Waya feki una plastiki nene na shaba kidogo.

Kama umepanga, waya za ukutani ni za mwenye nyumba. Mwandikie ujumbe, usimwambie kwa mdomo tu. Ukinyamaza ukavaa slipa, unamsaidia kukuumiza.

Na ukiambiwa bei, uliza imejumlisha nini, kabla ya kuuliza itapungua hadi ngapi.

Mzee alifanya kazi siku nzima na kidogo. Alipiga chuma cha shaba ardhini nyuma ya nyumba, akavuta waya mpya wa milimita 6 hadi kwa shawa, akaweka kile kifaa, akatoa tepu zote. Alipomaliza alibonyeza kile kitufe kidogo cha kujaribu, stima ikakata, tak, akairudisha. Halafu akachukua kalamu ya wino mzito, ndani ya kifuniko cha boksi la swichi akaandika tarehe, namba yake ya leseni, na mstari mmoja: MBELE RANGI ZA ZAMANI, NYUMA RANGI MPYA. PIMA.

Nilimuuliza anamwandikia nani. "Fundi atakayekuja baada yangu," akasema.

Nilimlipa thao nne na soo tano zake zote. Mathe akaongeza chakula cha jioni.

Sasa shawa yetu haishiki. Nimeoga bila slipa, nimehakikisha. Lakini mathe bado anavaa zake, zile za bluu, kila asubuhi. Nikimwambia hazihitajiki tena, ananiangalia tu, anashika kile kiwiko, anaingia.

Kwenu je? Nani anaoga na slipa, na mmeshaita fundi?